Mbwa Akivuka Ua: Mwenye Shamba, Mwenye Mbwa na Sheria

Mvutano huu huanza asubuhi na mapema, mara nyingi siku ya Jumamosi au Jumapili. Vijana wanne au watano wanafuata kingo za Mto Mbagathi wakiwa na mbwa saba, wanane. Mbwa wananusa, wanabweka, kisha wanapenya kwenye ua wa kayaba na kuingia shamba la mtu. Sungura pori waliyekuwa wakimfukuza ametoweka, lakini mbele yao kuna mbuzi watatu waliofungwa kamba. Bawabu anapofika, mbuzi mmoja amelala chini. Mwenye shamba anatoka na hasira zake. Vijana wamesimama nje ya ua wakiwaita mbwa kwa majina, na wanaposhtakiwa wanajibu kwamba wao hawajaingia kwa mtu, walioingia ni mbwa.

Mkaazi wa Karen, Lang'ata, Mutuini, Waithaka au Loresho ataitambua picha hii, hata kama kwake mbuzi walikuwa kuku na vijana walikuwa mtoto mmoja wa shule na mbwa wake. Upande wa magharibi wa jiji una mashamba makubwa yenye miti, misitu ya umma na mbuga ya wanyama, na yote hayo yako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mitaa yenye watu wengi na mbwa wengi. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini pande zote mbili, na mtu afanye nini kabla jambo halijafika kwenye panga, bunduki au sumu.

Kwanza, hakuna uwindaji halali

Tuanze na neno "mbwa wa kuwinda", kwa sababu ndilo linaloleta mkanganyiko. Baadhi ya wenye mbwa husema wanawinda kama baba zao walivyowinda, na kwamba sungura au digidigi si mali ya mtu. Ni kweli kwamba uwindaji kwa mbwa ni desturi ya zamani katika jamii nyingi za Kenya. Lakini serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza uwindaji wa burudani, uwindaji wa kitoweo na biashara ya nyamapori. Haijalishi silaha ni bunduki, mtego wa waya au mbwa. Haijalishi pia kama mnyama ni pongo wa msituni au sungura pori wa kando ya mto.

Kuna nchi ambako mambo ni tofauti. Katika jimbo la Virginia, Marekani, uwindaji kwa mbwa ni halali katika msimu wake, na sheria ya huko inamruhusu mwindaji kuingia shamba la mtu mwingine kumchukua mbwa wake aliyevuka, mradi aache bunduki nje. Wenye mashamba na wawindaji wa huko wamebishana kuhusu ruhusa hiyo miaka mingi. Kenya haina ruhusa ya namna hiyo. Kwa hivyo kijana anayesema "nilikuwa nikiwinda, mbwa akavuka, nimekuja kumchukua" hajajitetea, amekiri kosa moja ili kueleza jingine.

Kosa la pili ni kuingia ardhi ya mtu. Sheria ya kuingia bila idhini, Sura ya 294, inasema mtu anayeingia au kubaki katika ardhi ya kibinafsi bila sababu ya kutosha na bila ruhusa ya anayeishi hapo anatenda kosa. Mbwa hashtakiwi. Anayeruka ua kumfuata ndiye anayejiweka mashakani, hata kama nia yake ni njema.

Misituni na mbugani mambo ni yale yale, ila wanaosimamia ni wengine. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, hairuhusu mbwa kabisa. Katika Msitu wa Karura unaweza kutembea na mbwa wako, lakini awe amefungwa kamba. Wako watu wenye heshima zao wanaomfungua mbwa wakishafika ndani "akimbie kidogo". Paa anayefukuzwa hajui kama mbwa anayemfukuza ametoka Muthaiga au Huruma.

Hapa inafaa kusema jambo moja waziwazi. Si kila kijana anayetembea na mbwa ni mwindaji. Kangemi, Kawangware, Riruta na Kibra, mbwa analinda nyumba na biashara ndogo usiku, na asubuhi anafunguliwa ajitafutie chakula. Akimfuata mwenziwe hadi Lavington au Karen, hajatumwa na mtu. Kumpiga au kumfungia kijana aliyekuja kumtafuta mbwa wake kwa sababu tu anatoka mtaa wa pili ni kosa la jinai. Ukishuku uwindaji, yaani watu wana mikuki, marungu, mitego au nyama, piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kituo cha polisi kilicho karibu, na uwaachie kazi hiyo.

Mbwa koko mara nyingi ana mwenyewe

Watu wengi huita kila mbwa wa barabarani "mbwa koko". Ukifuatilia, wengi wao wana nyumba wanakolala. Wanazurura kwa sababu hawalishwi vya kutosha, hawana ua, au jike wa karibu yuko kwenye joto. Mbwa asiye na mwenyewe kabisa hukaa palipo na chakula cha bure, kwa mfano jaa la taka, kando ya soko kama Muthurwa au Wakulima katikati ya jiji, au karibu na vichinjio vya Dagoretti. Wakiondolewa mbwa hao bila taka kuondolewa, wengine hujaza nafasi yao. Ndiyo maana kuua mbwa ovyo, njia iliyotumika kwa miaka mingi katika miji mingi ya dunia, hakujamaliza tatizo popote.

Tofauti kati ya mbwa anayezurura na mbwa asiye na mtu ni muhimu kwa mwenye shamba, kwa sababu wa kwanza ana mtu wa kuwajibika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Leseni ndiyo inayomfunga mbwa na jina la mtu, na ukanda wa shingoni wenye jina na nambari ya simu hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo. Bila hivyo, kila mtu humkana mbwa siku ya madhara, na mbwa huyo huyo hupata wenyewe watatu siku ya kugawa chanjo ya bure.

Na chanjo si jambo la kupuuza. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa cha mbwa nchini Kenya alipatikana viungani mwa Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye ugonjwa huo bado upo, na mkakati wa kitaifa umeweka mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vinavyoletwa na mbwa wenye kichaa. Lengo la wataalamu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote kila mwaka. Kiwango hicho kikidumu, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hadi mbwa. Mbwa anayevuka ua kumi kwa usiku mmoja huwagusa mbwa wengi, na akiwa mgonjwa ugonjwa humfuata kila anakopita.

Wanyamapori pia wamo hatarini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyopakana na mbuga. Nairobi ina simba wanaoishi kilomita chache kutoka nyumba za watu. Pengine hakuna jiji jingine ambalo chanjo ya mbwa mmoja wa Lang'ata inahusu wanyama wengi namna hiyo.

Mwenye shamba: unachoweza na usichoweza kufanya

Unaweza kumfukuza mbwa aliyeingia kwako. Unaweza kumfungia mahali salama, ukampa maji na kivuli, kisha ukamjulisha mwenyewe, ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo au shirika la kulinda wanyama kama KSPCA, ambalo lina kituo chake Karen. Mbwa akiwa katikati ya kumrarua mbuzi wako, unaweza kuchukua hatua ya kumwokoa mbuzi. Lakini kumfuata mbwa aliyekwisha kukimbia, ukamuua barabarani au kwenye mlango wa mwenyewe, ni jambo jingine. Mahakama itauliza kama kulikuwa na hatari wakati ule, si jana yake. Mbwa ni mali ya mtu, na kuharibu mali ya mtu makusudi kuna kesi yake.

Sumu ndiyo tatizo kubwa zaidi, na ndiyo inayotumiwa kimyakimya. Kipande cha nyama kilichotiwa dawa ya wadudu hutupwa kando ya ua usiku. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumpa mnyama sumu bila sababu ya haki kuwa ukatili. Hata tukiweka sheria kando, nyama ile haichagui. Anayeila anaweza kuwa paka wa mke wako, mbwa wa bawabu, au kunguru anayeidondosha kwenye uwanja wa shule. Mzoga wa mbwa aliyekufa kwa sumu humuua pia ndege au fisi atakayeula. Na mtoto mdogo anayeokota vitu chini hajui kusoma ilani uliyobandika langoni.

Bunduki iliyo na leseni nayo haikupi ruhusa ya kufyatua risasi katika eneo la makazi kwa sababu ya kuku. Risasi inayomkosa mbwa Karen ina nyumba ya mtu mbele yake.

Nani aliyeua mifugo?

Kabla ya kumlaumu jirani, tazama mzoga. Karen na Lang'ata zina chui, na fisi hutoka mbugani usiku. Chui kwa kawaida huuma koo au shingo, huua mmoja, na hupenda kumburuta hadi kichakani. Mara nyingi mbwa wa nyumbani ndiye anayemtaka. Fisi hupasua tumbo na kula sana, mifupa pamoja. Mbwa huacha fujo. Utaona majeraha mengi ya meno kwenye miguu ya nyuma, masikio na matako, sufu au manyoya kila mahali, na wanyama kadhaa waliouawa au kujeruhiwa bila kuliwa. Nyayo za mbwa zina alama za kucha mbele. Za chui kwa kawaida hazina.

Tofauti hii ina maana ya pesa. Akiwa ni mnyamapori, ripoti huenda kwa KWS na madai ya fidia hupitia kamati inayohusika chini ya Sheria ya 2013. Akiwa ni mbwa, KWS haina la kulipa. Anayedaiwa ni mwenye mbwa.

Usizike mzoga upesi. Piga picha ukiwa pale pale ulipopatikana, kisha mwite afisa wa mifugo aukague na kuandika ripoti. Andikisha tukio katika kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. Andika majina ya walioshuhudia na thamani ya mnyama. Stakabadhi ya kumnunua ikiwepo, iweke. Picha ya mbwa mwenyewe, hata ya mbali, ina thamani kuliko maneno ya watu kumi.

Watu wengi hudhani kwamba mbwa akiingia shambani na kuharibu, mwenyewe analipa moja kwa moja kama anavyolipa mwenye ng'ombe walioingia mahindini. Sivyo hasa. Sheria ya madai tuliyorithi kutoka Uingereza huwatofautisha. Kwa ng'ombe, kuingia tu kunatosha. Kwa mbwa, mlalamishi kwa kawaida huonyesha kwamba mwenyewe alijua mbwa wake ana tabia ya kuuma au kuua mifugo, au kwamba alizembea, kwa mfano kumwachilia usiku kucha akijua hana ua. Kwa hiyo ripoti ya mara ya kwanza, hata kama ni kuku mmoja tu na hutaki kesi, ina kazi. Mwandikie jirani ujumbe wa heshima, nakala kwa naibu chifu. Mara ya pili hataweza kusema hakujua.

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, kama ile ya Milimani, ambako huhitaji kuwa na wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Bei ya mbuzi wachache na ada ya daktari wa mifugo inaingia humo vizuri. Lakini ukweli ni kwamba migogoro mingi ya namna hii huisha kwa chifu au kwa wazee wa nyumba kumi, mwenye mbwa akilipa kwa awamu mbili, na hakuna aibu katika hilo. Makubaliano yaandikwe na yatiwe sahihi na pande zote.

Mwenye mbwa

Ukiishi chumba kimoja Kawangware na mbwa wako analala mlangoni, ushauri wa kujenga ua wa mawe hauna maana kwako. Yako mambo manne yanayowezekana. Mchanje kila mwaka na utunze cheti. Mpatie leseni na ukanda wa shingoni. Mlishe jioni, kwa sababu mbwa aliyeshiba huzurura kidogo. Na mhasi, dume au jike. Kuhasiwa hupunguza safari za usiku kuliko mnyororo. Kampeni za chanjo hufanywa kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako ni lini na ni wapi.

Mnyororo wa mchana na usiku si suluhisho. Mbwa aliyefungwa siku zote huwa mkali, na siku akikatika ndiyo siku ya madhara. Mfunge mchana, mwachilie usiku ndani ya ploti ikiwa ploti ina lango.

Akivuka, nenda langoni ugonge. Mweleze bawabu jina lako, unakoishi na mbwa alivyo, na usubiri aingie kumwambia mwenye nyumba. Ukikataliwa, nenda kwa naibu chifu, naye atapiga simu. Mwenye nyumba naye asimshike mbwa rehani hadi alipwe. Mbwa arudishwe, na deni lidaiwe kwa njia yake. Kama jirani ana wasiwasi kuhusu chanjo, mwonyeshe cheti. Karatasi hiyo imetuliza ugomvi mwingi.

Akiuma mtu

Ugomvi wote usimame kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikianza mapema huzuia ugonjwa. Chanjo ni ya sindano kadhaa, kwa kawaida siku ya kwanza, ya 3, ya 7, ya 14 na wakati mwingine ya 28, na kuacha katikati kwa sababu kidonda kimepona ni hatari. Kidonda kikubwa au kilicho kichwani huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka jeraha.

Na mbwa asiuawe papo hapo kama inawezekana kumfungia. Daktari wa mifugo humchunguza kwa siku 10; akibaki mzima kwa siku hizo, hakuwa akiambukiza siku aliyouma. Akifa au akilazimika kuuawa, asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa katika maabara ya mifugo Kabete. Usimshike kwa mikono mitupu. Funika, zuia watoto na mbwa wengine, na mwite afisa wa mifugo aje kumchukua.